Nyumba na viwanja vya njia ya Fumba: cha kununua, cha kukodi na cha kukiacha

Muulize dalali wa Kisauni, Unguja, bei ya nyumba ya vyumba vitatu. Atakutajia kwanza umbali wake na lami, kisha ukuta wa uzio, kisha rangi ya bati. Vyumba huja mwisho. Ndivyo soko la Wilaya ya Magharibi B linavyokwenda sasa: penye lami pana bei ya lami, hata kama nyuma ya ukuta huo pana dimbwi la kufugia bata.

Tathmini hii inazipima nyumba hizo kwa maji: yanaingiaje ndani, na yakishatumika au yakishanyesha, yanatokaje. Njia inayozungumzwa ni ile ya kutoka Mwanakwerekwe na Kiembesamaki, ikapita uwanja wa ndege Kisauni, Maungani, Kombeni, Dimani, Nyamanzi na Bweleo mpaka Fumba, pamoja na mitaa ya pembeni kama Tomondo, Fuoni na Kwarara.

Kwamba bei imepanda hakuna anayebisha. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Ya 2022 ikawakuta 893,169. Hao ni karibu watu laki tatu zaidi ndani ya miaka kumi, na Mji Mkongwe hauna pa kujengea, Ng'ambo, mitaa inayoupakana, ndiyo hiyo imeshashonana. Waliobaki wamesogea kusini na mashariki. Halafu vikaja vya kuwavuta: Baraza la Wawakilishi na Chuo Kikuu cha SUMAIT viko Chukwani, viwanja vya maonesho ya biashara viko Nyamanzi, na 2023 tawi la chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India likafungua milango Bweleo. Mwenye banda la uani Bweleo, aliyekuwa akiweka humo majembe na nyavu, sasa anauliza kama wanafunzi wanataka kiyoyozi.

Kukodi: Kiembesamaki, Mombasa (mtaa wa hapa Unguja), Mbweni, Chukwani

Hapa ndipo penye nyumba zilizokamilika, njia zinazopitika na daladala za kutosha. Gari ya 505 ya Uwanja wa Ndege haikuweki sana kituoni. Ukishaupita uwanja kuelekea Kombeni, subira inarefuka, na baada ya sala ya isha unaweza kujikuta unahesabu vespa. Kabla ya kukodi mbali, nenda kituoni saa tatu usiku siku ya kazi ukaangalie kwa macho gari ya mwisho inapita saa ngapi. Neno la dalali katika hili halina uzito. Yeye ana vespa yake.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi. Tuseme kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,500,000, ujira wa dalali wa mwezi mmoja ni 250,000, kwa hiyo unatoa 1,750,000 kabla hujatundika pazia. Aibu ya kuomba miezi mitatu haina maana: nyumba iliyokaa tupu tangu masika haina foleni ya wateja, na mwenyewe anajua. Ila jambo moja lisipunguzwe. Mabomba, vitasa na paa vitengenezwe kabla ya fedha kutoka. Ukishalipa mwaka mzima, bomba linalovuja limeshakuwa lako.

Umeme uangaliwe kwenye mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, usiangaliwe kwenye taa. Nyumba nyingi za uani zimeungwa mita moja na nyumba kubwa, na kila Ijumaa pana mgogoro wa nani katumia pasi. Zima swichi kuu ya sehemu unayoikodi, kisha uende kwenye mita utazame kama bado inahesabu. Ikihesabu, kuna mtu mwengine ndani ya fedha zako.

Kelele za ndege nazo zina ramani yake. Njia ya kurukia imelala kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo mitaa iliyo kwenye mstari huo inasikia kila injini. Mbweni na Chukwani, zikiwa upande wa magharibi, zina nafuu. Tofauti hii haionekani kwenye kodi. Mpangaji mwenye mtoto mchanga aitafute mwenyewe.

Maji yanayotoka

Wazee waliotaja majina ya mitaa walishatuandikia ripoti. Ziwa Maboga pale Mwanakwerekwe halikuitwa ziwa kwa mapambo. Masika ikikolea, maji yanarudi kwao. Kila unaposikia Bondeni, Mtoni au Ziwani, uliza jina limetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Mtaro uliojengwa hupunguza tatizo, lakini haulihamishi bonde.

Ukienda kuangalia nyumba wakati wa kaskazi, tuseme Januari au Februari, kila kitu kinang'ara. Ushahidi wa masika, hata hivyo, haufutiki wote. Tazama kuta za majirani, kwa sababu za nyumba inayouzwa zimeshapakwa rangi mpya. Mstari wa tope wa rangi ya chai kwenye kimo cha goti ni maji. Kizingiti kilichojengwa tofali mbili mlangoni, mpaka mtu avuke kama anaingia mashuani, ni maji. Friji iliyokaa juu ya matofali na soketi zilizohamishiwa kifuani ni maji pia. Choo cha nje kilichopandishiwa ngazi tatu hakikupandishwa kwa heshima.

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani kifusi kitamaliza kazi. Hesabu yake ni hii. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 ukitaka kukiinua nusu mita, unahitaji mita za ujazo 150 baada ya kushindiliwa. Kifusi kikishindiliwa hupungua kama moja ya tano, kwa hiyo uagize karibu mita 187. Tipa la mita saba litakuja mara 27. Ulizia bei ya tripu moja Kombeni leo, zidisha kwa 27, halafu uiongeze kwenye bei ya kile kiwanja cha "bei ya kutupa". Mara nyingi kinafika bei ya kiwanja cha juu, na bado uko chini. Tena ukishajiinua wewe, maji yanakwenda kwa jirani, na jirani naye ana akili ya kununua kifusi. Iko mitaa ya Fuoni ambako nyumba ya mwanzo, iliyojengwa vizuri kabisa, sasa imekuwa shimo la wote.

Udongo nao unasema. Kinongo, ule mwekundu, unanywa maji na kubeba msingi bila taabu. Kichanga kinanywa zaidi, lakini kuta za shimo hubomoka, kwa hiyo karo lake, yaani shimo la maji machafu, lijengwe haraka. Kinamo ni cheusi na kinanata: kiangazi kinapasuka nyufa za kuingiza kidole, masika kinavimba na kuisukuma nyumba. Kwenye kinamo msingi wa kubahatisha hautoki salama. Kuelekea Nyamanzi, Bweleo na Fumba unaingia kwenye uwanda na maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo haba. Msingi hapo ni imara kama ngalawa ya mvule, ila kila futi ya karo inachimbwa kwa mtaimbo au mashine, na fundi hulipwa kwa jiwe alilolikuta, si kwa bei iliyotajwa kwenye simu.

Jaribio rahisi, la jembe na ndoo: chimba shimo la nusu mita, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Mara ya pili ndiyo yenye habari, kwa sababu udongo umeshashiba. Yakikaa saa nzima bila kushuka hata kwa upana wa vidole viwili, shimo lako la kunyonyea halitafanya kazi na utakuwa mteja wa kudumu wa gari ya kunyonya. Yakiondoka mara moja, kama yamepita kwenye chujio, uko juu ya jiwe lenye mipasuko, na uchafu wako utasafiri kwa kasi hiyo hiyo kwenda kwenye kisima cha mtu. Weka angalau mita 30 kati ya karo na kisima, cha kwako na cha jirani. Kwenye maweni ongeza kila unapoweza. Kwa watu sita, karo la vyumba viwili lenye urefu wa mita 2.5, upana 1.2 na kina cha maji 1.5 linatosha, likifuatiwa na shimo la kunyonyea. Karo la chumba kimoja lisilo na sakafu ya saruji, ambalo mafundi hulijenga kwa wepesi, ni shimo la choo lililofunikwa.

Maji yanayoingia

Usimuulize mwenye nyumba kama mfereji unatoa maji. Utatoa, siku moja kwa wiki, na atakuwa hakusema uongo. Uliza siku gani, saa ngapi, na kwa muda gani. Jibu jengine liko mlangoni mwa majirani: ukikuta mapipa ya bluu na madumu yamejipanga kila nyumba, mtaa huo unaishi kwa akiba.

Piga hesabu ya tangi kwa familia, usipige kwa bei ya tangi. Watu sita wakitumia lita 60 kila mmoja ni lita 360 kwa siku. Tangi la lita 2,000 linawafikisha siku tano na nusu. Mfereji ukitoka mara moja kwa wiki, hilo halitoshi. Ongeza la lita 1,000 au ukubali kununua maji siku ya sita. Halafu angalia limekaa wapi. Lita 2,000 ni tani mbili, na kuna nyumba ambazo tani mbili hizo zimewekwa juu ya mbao za paa zilizokusudiwa kubeba bati. Dari likianza kuonesha tumbo, hama chumba hicho. Mnara wa mita nne unakupa msukumo wa baa 0.4 tu, kwa sababu kila mita kumi ni baa moja. Kwa kopo na ndoo inatosha. Hita nyingi za bafuni za papo kwa papo haziwaki kwa msukumo huo, na fundi atakuuzia hita ya pili kabla ya kukwambia.

Kisima kikitajwa kama fadhila ya nyumba, kionjwe. Upande wa pwani, maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, na pampu ikivuta kwa pupa chumvi inapanda. Onja mara mbili: siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, na siku ya bamvua bahari ikiwa imejaa. Kisima kilicho salama siku moja na kikakoleza chumvi siku ya pili kimeshaanza safari, na hakirudi upesi. Ugumu wa maji ni jambo jengine, unatokana na chokaa ya matumbawe: sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe. Huo haudhuru nyumba, unadhuru hita na vichwa vya bomba.

(La kuchekesha kidogo: waya wa umeme wa baharini kutoka Ras Kilomoni, Dar es Salaam, unatua Ras Fumba, yaani sehemu kubwa ya umeme wa kisiwa inaingilia mlango huu, lakini mwenye kiwanja kisichopimwa hapo hapo anaweza kusubiri nguzo kama wengine. Uliza nguzo ya mwisho iko mita ngapi. Uliza pia gharama ya kuivuta ni ya nani.)

Karatasi

Nyumba nzuri iliyo kwenye ardhi ya mgogoro ni nyumba ya kukodi, na mwenye nyumba ni mahakama. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 imeiweka ardhi ya Zanzibar kuwa ya umma, mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Kinachouzwa na mtu ni haki ya kuitumia, na majengo au vipando vilivyomo. Kwa hiyo swali la mwanzo ni hili: muuzaji alipewaje haki hiyo?

Majibu ni matatu kwa kawaida, na kila moja lina ugonjwa wake.

La kwanza ni eka tatu, zile zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, kuanzia 1965. Zilitolewa kwa kulima. Kuzikata viwanja kunahitaji ruhusa, na wengi hawakuiomba. Hesabu inaeleza kwa nini. Eka tatu ni kama mita za mraba 12,140. Ukikata viwanja vya mita 300 unapata 40. Ukiacha njia za mita sita na nafasi ya mtaro, unapoteza karibu robo, unabaki na 30. Muuzaji anachagua 40, na viwanja kumi vya ziada ndizo njia za mtaa mzima zilizoliwa. Baada ya miaka kumi gari ya wagonjwa haingii, gari ya kunyonya karo inasimama mbali na mpira wake haufiki, zimamoto wanabaki barabarani. Jeneza hupita, kwa sababu linabebwa mabegani. Pima upana wa njia kwa futi ya fundi kutoka lami mpaka mlangoni, na upime sehemu nyembamba kuliko zote. Chini ya mita tatu, punguza bei au ondoka.

La pili ni urithi, na hapa ndipo watu wema wanapoumizana. Chukua mfano: baba kafariki, kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, wazazi wake hawapo. Mke anapata thumuni. Saba ya nane iliyobaki inagaiwa mafungu saba, mwanamume mawili, mwanamke moja. Kila binti ana moja ya nane, kila kijana ana mbili ya nane. Sasa kaka mkubwa, mwenye funguo na sauti, anakuuzia kiwanja kizima: amekuuzia robo yake, na robo tatu ni za watu ambao hawajasema neno. Mmoja yuko Muscat, mmoja Dar es Salaam, mama amelala ndani. Sauti ya simu iliyorekodiwa si saini. Dai mgao wa mirathi uliofanywa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama ya kadhi, kisha saini ya kila mrithi au mwakilishi wake aliyeandikiwa rasmi. Haraka ya muuzaji ("mtoto anakwenda kutibiwa India") isikupunguzie hata jina moja.

La tatu ni kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa. Hiki ni ghali, na ni ghali kwa haki. Ugonjwa wake ni bikoni zilizohama: jiwe la mpaka huota miguu usiku. Mlete mpima na kifaa chake alinganishe alama zilizopo na ramani, kabla ya malipo.

Kisha kuna miti. Unguja mtu anaweza kuwa na minazi au miembe ndani ya ardhi inayotumiwa na mwengine. Ukikuta mkarafuu au mwembe mkubwa kiwanjani, uliza ni wa nani na umlipe mwenyewe kwa maandishi, la sivyo msimu ukifika atakuja na kikapu, na atakuwa na haki.

Mpango wa hatua ni mfupi. Anzia kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, ukamwulize historia na migogoro. Barua yake inakusaidia lakini haikupi hati. Fanya upekuzi Kamisheni ya Ardhi. Leta mpima. Mkataba uandikwe na wakili, uwe na vipimo vya pande nne na majina ya majirani wanne. Uhaulishaji, yaani uhamisho wa haki, upite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ushuru ulipwe Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), kisha usajili. Fedha zigaiwe kufuata hatua hizo, na fungu kubwa libaki mpaka uhaulishaji ukubaliwe. Muuzaji anayetaka zote siku ya mkataba anakwambia jambo.

Mapagala

Kwarara na Fuoni zimejaa mapagala: maboma yaliyofika linta yakasimama fedha zilipokatika. Yanavutia, kwa sababu jicho linaona nusu ya nyumba. Mfuko unaona theluthi. Paa, plasta, sakafu, milango, madirisha, mabomba, umeme na karo ndivyo vinavyokula.

Kwaruza tofali kwa ukucha, kisha kwa funguo. Ukucha ukitoa mchanga, mfuko wa saruji ulinyooshwa. Mfuko wa kilo 50 ukitoa matofali 30 ya nchi sita, hilo ni tofali. Ukitoa 45, hiyo ni keki. Tazama nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo. Kutu ya juu juu hutoka kwa brashi ya waya na si kitu. Nondo iliyokonda shingoni, pale inapoingia kwenye zege, imeliwa, na nguzo hiyo haibebi ghorofa. Mchanga Unguja una vibali na foleni, kwa hiyo kuna waliochota wa pwani. Chumvi yake huonekana kama unga mweupe chini ya ukuta, na baada ya miaka zege linabanduka kwa vipande chini ya linta. Gonga linta kwa nyundo ndogo. Sauti ya kavu ni nzuri, sauti ya debe ni mbaya.

Nyufa zinasomeka. Wima na nyembamba kama unywele kwenye plasta, ni plasta tu. Ya mshazari, inayoanzia pembe ya dirisha na kupanuka ikipanda, ni msingi ulioshuka. Chimba pembeni mwa kona moja uone msingi umekwenda kina gani. Kama mwenyewe anakataza, dakika kumi za jembe zimekuokolea miaka.

Fleti za Fumba

Miradi mikubwa ya upande wa Nyamanzi na Fumba, Fumba Town ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, inauza kitu tofauti: fleti au nyumba ndani ya mpango, chini ya Sheria ya Kondominia ya 2010, ambayo inamruhusu na mgeni kununua. Mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi kwenye mradi unaotambuliwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, anaweza kupata kibali cha ukaazi, na hilo limezipandisha bei kuliko mishahara ya hapa inavyofika.

Walichofanikiwa kisidharauliwe. Njia zilichorwa kabla ya nyumba, maji machafu yana mpango, taka zinachukuliwa. Magharibi B nzima ingekuwa hivyo, tathmini hii ingekuwa fupi. Bei unayolipa, kwa kiasi kikubwa, ni ya mtaro.

Lakini uhesabu. Tuseme fleti ni ya mita 60, ada ya huduma dola 2 kwa mita kwa mwezi: ni 120 kwa mwezi, 1,440 kwa mwaka, iwe imekodiwa au tupu. Ukiikodisha dola 500 kwa mwezi na ikakaa tupu miezi mitatu, unaingiza 4,500, toa 1,440, unabaki na 3,060 kabla ya kodi ya Serikali, rangi, na pampu ya kiyoyozi iliyoliwa na upepo wa chumvi. Vipeperushi huhesabu miezi kumi na miwili. Soma mkataba kwa mambo manne: ada inaweza kupandishwa na nani na kwa kiasi gani, kuna mfuko wa matengenezo makubwa au hakuna, miaka ya ukodishaji wa ardhi iliyobaki ni mingapi, usiishie kwenye ile iliyoandikwa mwanzo, na kama jengo halijasimama, malipo yafungwe na kazi iliyoonekana (msingi, zege la kila ghorofa, paa), yasifungwe na tarehe za kalenda. Baadhi ya nyumba za huko ni za mbao za kiwandani. Zinasifiwa kuwa poa ndani kuliko tofali, ila uliza nani anapambana na mchwa na kwa ratiba gani.

Kwa anayelipwa dola, au mtoto wa nyumbani aliyeko nje asiye na wa kumsimamia fundi, ni chaguo la busara. Kwa mwalimu wa skuli mwenye mkopo wa benki, Kombeni ya juu, kwenye kinongo, inampa zaidi.

Dalali

Huduma yenyewe tunaipa sita kwa kumi. Dalali mzuri anajua pagala lipi linauzwa kabla mwenyewe hajatangaza, anajua ndugu gani hawasemezani, na anaweza kukufungulia milango sita asubuhi moja. Thamani hiyo ni ya kweli na inastahili ujira.

Nne zilizopotea ni za cha juu. Mwenye mali anataka milioni 30, wewe unaambiwa 36, na sita zinapotelea njiani bila risiti. Dawa yake ni kukaa mezani na mwenye mali mwenyewe kabla ya kutaja bei, na ujira wa dalali uandikwe ndani ya mkataba: nani analipa, kiasi gani, lini. Nyumba moja huwa na madalali watano; andika nani alikuonesha mwanzo na tarehe, la sivyo siku ya kuhamia utawakuta watatu barazani. Fedha za "kuoneshwa" usitoe. Mafuta ya vespa, ukipenda, ni ya hisani. Na fedha za kiwanja zisipite mikononi mwake hata kwa dakika tano.

Mtaani

Masoko mapya ya Jumbi na Mwanakwerekwe yamebadilisha hesabu za mtu wa Fuoni na Tomondo: mboga na samaki havihitaji tena kufuatwa Darajani, na fremu za pembeni zimepanda kodi mara moja. Hospitali ya wilaya Magogoni ni sababu nyengine nzuri ya kukaa upande huo, hasa kwa mwenye wazee nyumbani. Daraja la juu la Mwanakwerekwe limejengwa kuuvunja msongamano wa pale. Aliyekuuzia nyumba kwa hoja ya "dakika kumi mpaka mjini", muombe muende pamoja saa moja na nusu asubuhi.

Januari, maonesho ya biashara yakifunguliwa Nyamanzi, njia ya Fumba hubanana jioni kwa wiki nzima na zaidi. Wenye viwanja vya mbele hukodisha maegesho. Wa nyuma huingia nyumbani wakiwa wameshachelewa sala ya magharibi.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua wakati wa kwenda kuangalia nyumba, nenda Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku, na viatu vya kuchafuka. Chukua chupa ya kutilia maji ya kisima, futi, nyundo ndogo na daftari. Kisha keti na majirani, uwaulize masika iliyopita kila nyumba ilichanga kiasi gani kununua kifusi cha njia, na nani alikataa kutoa. Kama wanaijua hesabu mpaka shilingi, kuna mtaa hapo. Na kama aliyekataa ndiye anayekuuzia nyumba, utaambiwa kabla kahawa haijapoa.